NYUMBA SI SANDUKU

Ndugu wafanya kazi,

Tunaambiwa vijumba vidogo vya kutengenezwa kiwandani na kupandanishwa vitamaliza shida ya nyumba mijini. Tusidanganyike. Mjini Tokyo, mwaka 1972, lilijengwa jumba la Nakagin, vyumba 140 vya namna hiyo, kila kimoja kama meta 10 za mraba. Vilikusudiwa kubadilishwa kila miaka 25. Hakuna kilichobadilishwa, mwaka 2022 jumba likabomolewa.

Hatukatai nyumba ndogo. Lakini kwa sheria ya mwaka 2024 tunakatwa shilingi moja na nusu katika kila mia ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Basi anayekatwa aulizwe: chumba kitoshe watu wangapi? Kikichakaa, nani atakitengeneza? Mfanya kazi ana jamaa. Si mzigo wa kuwekwa stoo.

Umoja ni nguvu!