Eti Aliyekatika Ndiye Aliyefungwa

Nataka kuzungumza juu ya gemu. Najua wapo watakaoruka ukurasa huu wakatafute mashairi, na waende salama. Mimi nazungumza na kijana wa Mwanga, Gungu, Katonga au Ujiji ambaye amewahi kuongoza mbili bila mpaka dakika ya 83, halafu kioo cha simu kikaganda, kile kiduara kikaanza kuzunguka, na mwisho yakaja maandishi kwamba amepoteza mchezo. Kanuni inasema aliyekatika ndiye aliyefungwa.

Ugomvi wangu ni na kanuni hiyo.

Waliyoitunga walikuwa na sababu, sikatai. Wapo watu wakiona wanafungwa wanachomoa, wanakimbia, ili aibu isiandikwe. Basi ikaamuliwa kwamba anayepotea hewani apewe kipigo. Lakini hebu fikiri ni mtu wa wapi anayeweza kutunga sheria kama hiyo. Ni mtu ambaye kwake umeme haukatiki, kwa hiyo mchezaji akipotea, lazima awe ametoroka! Haimjii kabisa kwamba kuna mji kando ya Ziwa Tanganyika ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, katika mkoa ambao gridi ya Taifa ilianza kuuingia mwaka 2022 tu, na ambao hata leo wingu zito likitanda upande wa Kongo watu wanaanza kuchaji simu mbiombio. Sheria inaadhibu mahali ulipozaliwa, halafu inakuita mwoga.

Na jina hilo linashika, jamani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliingia shindano la mtandaoni lenye fedha kidogo, fedha ambayo kwao ingelipa kodi ya chumba. Alikatika mara tatu katika wiki moja. Si tu kwamba alitolewa, bali alifungiwa kabisa kucheza kwa kosa la utoro. Aliandika kujieleza, kwa Kiingereza alichokopa kwa jirani, na aliyejibu ni mashine. Mpaka leo wenzake wanamwita Mchomoaji. Yeye anacheka, lakini simu yake sasa ni ya kupigia tu.

Sasa tuje kwenye masafa, maana hapa ndipo tunapodanganywa sana. Tunaambiwa tatizo ni simu zetu, tununue mpya. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa njia ya reli ni kama kilometa 1,250, kwa hiyo safari hiyo kwa mwanga si kitu. Lakini seva ikiwa Ulaya, kilometa 10,000 kwenda na 10,000 kurudi, tayari umepoteza sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla hujahesabu foleni za njiani. Ukibonyeza kupiga shuti, beki wa mwenzako ameshafika. Na ajabu yake ni hii: mimi niko Mwanga, mpinzani wangu yuko Ujiji, kati yetu ni nauli ya daladala moja, lakini mpira wetu unakwenda ng'ambo kuomba ruhusa ndipo urudi. Ujiji imezoea kusubiri, ni kweli. Livingstone alisubiri barua hapo mpaka Stanley alipomletea mwaka 1871. Lakini yule alikuwa anasubiri msafara wa miguu!

Na njia zenyewe ni chache. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na nchi nzima ikawa inatambaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Siku zile watu walikuwa na mambo mazito mno kuliko gemu, na sitaki kuyachanganya. Nasema tu kwamba mashine iliyoko mbali haikujua tofauti. Nayo iliandika: ametoroka.

Kilichonikera zaidi ni kwamba haikuwa lazima. Zamani kwenye vibanda tulicheza PES kwenye PlayStation 2, mashine ambayo ilitengenezewa hadi toleo la 2014. Watu wawili, pedi mbili, benchi moja, na mwenye kibanda akidai chake. Umeme ukikatika, umekatika kwa wote wawili, na mechi inarudiwa. Huo ndio uungwana! Leo gemu nyingi za simu hazikubali hata kufunguka bila mtandao, hata kama mpinzani amekaa ubavuni kwako. Simu mbili zinaweza kabisa kuongea zenyewe bila kupita popote. Wameamua zisiongee, kwa sababu wasipokuona mtandaoni hawakuuzii kitu. Na bando nalo, ambalo umelinunua kwa fedha yako, likifika saa yake linakufa hata kama hukuligusa, kana kwamba ni mgebuka ulioachwa juani.

Mzee mmoja aliniuliza, kwani wewe si unasema unaandika riwaya, gemu inakuhusu nini? Inanihusu sana, mzee wangu. Nusu ya vijana nitakaowaandika wanaishi humo jioni. Humo wanapata jina, wanapata adui, wanapigiwa makofi na watu wasiowajua. Nisipojua jinsi wanavyodhulumiwa humo nitaandika tena kijana anayetoka kijijini akapotea mjini, na hiyo tumeisoma tangu darasa la tano.

Ninachodai ni kidogo. Wanaotengeneza gemu waweke seva Afrika Mashariki, maana wachezaji tupo. Watuachie kucheza wawili bila mtandao. Na pale mtu anapokatika, mechi isimame, waandike kwamba haikuisha. Marefa wa Lake Tanganyika hapa, mvua ikizidi, ndivyo wanavyofanya.