Mpaka wa Mahakama na Mpaka wa Ulimi



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja alitungoja mlangoni na simu yake mkononi. Katika kundi la WhatsApp la mtaa wao palikuwa pameandikwa maneno mazito juu ya mtu, naye alikwisha kuyasambaza katika makundi mengine mawili kabla hajafikiri. Swali lake lilikuwa fupi: "Sheikh, nitafungwa?" Hatujafungua kinywa, mama mwingine nyuma yake akadakia: "Na hao wanaotutukana sisi, mbona hawafungwi?"

Tuliwajibu kwa ufupi, kwa kuwa adhana ilikuwa karibu. Leo twataka kuwajibu kwa utulivu, wao na kila nyumba yenye simu, yaani nyumba zetu zote. Lakini kabla ya kumnyooshea mtu kidole, yatupasa tukiri jambo letu wenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, katika Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, tulipokea ujumbe kuwa sambusa za mahali fulani mjini kwetu hutiwa nyama isiyochinjwa kisheria. Baada ya taraweh tukasimama, tukawatahadharisha watu. Jina hatukulitaja, bali tulitaja njia na kona, na kona ile ilikuwa na muuzaji mmoja tu: mjane aliyesomesha watoto wake kwa sinia ya sambusa. Siku ya nne akaja msikitini, upande wa wanawake, na stakabadhi za bucha ndani ya bahasha. Zote zilikuwa za bucha ile ile tununuayo nyama yetu. Ule ujumbe, tulipoufuatilia, ulikuwa umetoka mji mwingine, na hakuna aliyejua ulianzia kwa nani. Tulisimama pale pale tulipousema, tukausuta ulimi wetu mbele ya watu na kumwomba radhi. Alitusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Lakini wateja wengine walikwisha kuhamia kwingine, na mwezi ule wote sinia yake ilirudi nyumbani na zaidi ya nusu ya alichokipika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi na tulichukue kosa letu hilo tulipime kwa mizani ya mahakama, tuone liko upande gani wa mpaka.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 33, yampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari na mawazo. Kifungu hicho hicho chasema kuwa haki hiyo haifiki kwenye propaganda ya vita, kuchochea fujo, matamshi ya chuki, wala kueneza uhasama dhidi ya watu kwa asili yao. Kisha chaongeza kuwa anayeitumia haki hii sharti aheshimu haki na heshima ya wenziwe. Maneno ya Katiba ni machache, na maneno ya watu hayana idadi. Ndiyo maana imewabidi majaji kukaa na kuamua: hili limo, na lile limetoka. Katika hukumu zao twaona mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni wa maneno yanayomwaga damu. Mfano wake mkubwa haukuwa mbali nasi. Mwaka 1994, nchini Rwanda, redio iliyoitwa RTLM iliwaita Watutsi mende na kuwahimiza watu wawaue. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, kwa jirani zetu, ilitoa hukumu mwezi Desemba 2003 na kuwatia hatiani watu watatu: wawili kati ya walioianzisha redio hiyo, na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini wote watatu walibaki na hatia.

Jambo moja katika hukumu ya 2003 latufaa sana sisi watu wa Pwani. Majaji hawakusema kuwa kila neno linalogusa kabila ni uchochezi. Mmoja wa washtakiwa aliwahi kueleza redioni jinsi alivyobaguliwa alipokuwa mtoto kwa sababu ya asili yake. Mahakama ikasema maneno hayo yamo ndani ya uhuru wa kujieleza. Kueleza dhuluma uliyotendewa si kosa. Kosa ni kumfanya jirani yako aonekane mdudu wa kukanyagwa. Basi mwenye kulilia ardhi ya babu zake, au haki ya watoto wake shuleni, asitishike akadhani amevunja sheria. Na mwenye kumwita mwenziwe mdudu asijifiche nyuma ya malalamiko ya haki.

Nasi Wakenya tulionja uchungu huo baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 walipopoteza maisha. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa, na anayetiwa hatiani kwa matamshi ya chuki ya kikabila chini yake aweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kwa mpaka huu, sambusa zetu hazikuchochea fujo. Tumepita.

Mpaka wa pili ni wa maneno yanayoudhi tu. Palikuwa na kifungu cha 29 katika Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichomfanya mhalifu mtu anayetuma kwa simu au mtandao ujumbe wa kuchukiza mno, au wa uongo kwa nia ya kumsumbua mtu. Adhabu yake ilikuwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi mitatu, au vyote viwili. Kijana mmoja, Geoffrey Andare, alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa aliyoyaandika kwenye Facebook, naye akaenda Mahakama Kuu kukipinga. Tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi akakibatilisha. Hoja yake ni nyepesi kuelewa hata barazani: maneno hayo ya sheria hayana kipimo. Linalomchukiza huyu laweza kumchekesha yule. Mtu atajuaje kuwa anavunja sheria, iwapo mpaka wake umo moyoni mwa anayesikia?

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mama wa pili. Kuumia kwa moyo wako, peke yake, hakutoshi kumpeleka mtu jela. Twajua jibu hili ni chungu. Lakini na tujiulize: kama kuudhika kwa mtu kungetosha, ni khutba ngapi zingebaki minbarini? Mla riba huudhika tukikemea riba. Mwenye kudhulumu mirathi ya dada zake huudhika tukisoma aya za mirathi. Ukuta unaowalinda wanaotuudhi ndio huo huo unaotulinda tunapoamrisha mema na kukataza mabaya.

Kwa mpaka huu nao, kosa letu halikuwa kuudhi. Yule mjane hakuja kulalamika kuwa tumemchukiza. Alikuja na stakabadhi. Alikuja kudai jina lake.

Na huo ndio mpaka wa tatu: heshima ya mtu. Kwa miaka mingi, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kumharibia mtu jina kuwa kosa la jinai, na mtu aliweza kufungwa. Tarehe 6 Februari 2017, katika kesi ya Jacqueline Okuta na mwenzake, walioshtakiwa nao kwa maneno ya Facebook, Jaji John Mativo alisema kifungu hicho hakipatani na Katiba. Hakusema kuwa jina la mtu halina thamani. Alisema jela ni adhabu iliyopita kiasi kwa kosa hilo, madhali aliyeharibiwa jina anayo njia ya kudai fidia katika mahakama ya madai.

Wengi walisikia nusu ya kwanza ya hukumu hiyo wakashangilia, na ile nusu ya pili ikawapita. Madai bado yapo. Aliyesingiziwa aweza kushtaki na kulipwa, na anayeyarudia maneno ya mwingine hasalimiki kwa kusema "mimi nimetumiwa tu". Kinga yake kubwa ni ukweli, nao sharti athibitishe. Lakini mwenye haki naye asilale, kwa kuwa sheria yampa miezi 12 tu kufungua kesi ya namna hii. Na tuwakumbushe akina mama kuwa kesi hii haiendi kwa Kadhi. Katiba imempa Kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Madai ya kuvunjiwa heshima hupelekwa katika mahakama za kawaida.

Wala asijidanganye mtu kuwa mlango wa jela ulifungwa kabisa. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao. Kifungu chake cha 23 kiliweka adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili, kwa anayechapisha kwa makusudi habari anazozijua kuwa ni za uongo, zenye kuleta taharuki au zinazoelekea kumvunjia mtu heshima. Mei mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 vya sheria hiyo, na tarehe 20 Februari 2020 ikaamua kuwa vinapatana na Katiba. Waliovipinga wakakata rufaa. Kwa hivyo mlango uliofungwa 2017 ulifunguliwa dirisha mwaka uliofuata.

Kwa mpaka huu wa tatu, ndugu zetu, sisi tulikuwa na kosa. Hatukujua kuwa habari ile ni ya uongo, wala hatukujishughulisha kujua. Yule mjane angeweza kutudai mahakamani, na haki ingekuwa yake. Hakufanya hivyo. Je, tuseme basi tulisalimika?

Hapa ndipo mizani ya mahakama inapokoma. Mahakama yauliza: je, tunaweza kumwadhibu mtu huyu? Mola wetu atuuliza swali lililo karibu zaidi: je, ulikuwa na haki ya kulisema? Katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Aya ya 12 yatukataza dhana mbaya, kupeleleza na kusengenyana. Tena kusengenya ni kumtaja mwenzio kwa lililo kweli asilopenda litajwe. Likiwa la uongo, huo ni uzushi, nao ni mzito zaidi. Tazameni tofauti: mbele ya jaji, ukweli wakuokoa. Mbele ya Mola wako, hata ukweli wahitaji sababu ya kusemwa.

Na mwanamke je? Sura ya Nur, aya ya 4, yamtaka anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne. Asipowaleta, apigwe mijeledi themanini na ushahidi wake usikubaliwe. Mama yetu Aisha (r.a.) mwenyewe alizuliwa, na Madina ikanong'ona kwa muda wa mwezi mzima, hadi Mwenyezi Mungu alipomtakasa kwa aya zinazosomwa mpaka leo. Miongoni mwa walioyabeba maneno yale alikuwamo Mistah, jamaa yake Abubakar (r.a.), aliyekuwa akila kwa mkono wake. Baba wa binti aliyezuliwa akaapa kutompa tena kitu. Ikateremka aya ya 22, yenye kuwataka wenye wasaa wasamehe na waachilie, naye Abubakar akaurudisha msaada wake. Adhabu ina mahali pake, na msamaha una mahali pake. Kisichokuwa na mahali ni kuendelea kusambaza.

Nasaha yetu ni hii. Kabla hujatuma, jiulize: nimejuaje? Kama jibu ni "nimetumiwa", basi hujajua. Ukiona la hatari kweli, kama chakula kibovu au mtoto anayedhuriwa, lipeleke kwa mwenye uwezo wa kulichunguza na kulizuia, usilimwage barabarani. Na ukikosea, rudi pale pale uliposema, kwa sauti ile ile, ukanushe. Radhi ya faragha haifuti kashfa ya hadharani.

Yule mama wa kwanza alitupigia simu siku ya pili. Alikuwa ameandika katika makundi yote matatu kuwa aliyoyasambaza hana ujuzi nayo, na kwamba amtaka radhi aliyetajwa. Wengine walimcheka. Alisema usiku ule alilala vizuri. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na heri ya aliyejikwaa ulimi akaomba radhi mapema, kabla ya miezi 12 ya sheria, na kabla ya siku ambayo ndimi zetu zitatutolea ushahidi wenyewe.

Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu, zilinde ndimi zetu, na utupe radhi za wale tuliowadhulumu kwa maneno. Amin.

Wabillahi tawfiq.