Mbao za kambi zimeingia nyumbani, na misumari yake pia

Leo sileti habari ya mkutano wala ya barabara iliyofungwa. Nataka kusema juu ya kitanda cha watoto, na juu ya msumari uliomlaza shemeji yangu wiki 7.

Februari 2025, wakati kambi zilizoizunguka Goma zilipobomolewa, dada yangu na mume wake walikuja kwetu na watoto 5. Kurudi Masisi hakukuwezekana, kwa sababu kule nyumba yao ilibaki msingi tu. Parsele yetu si kubwa, lakini tuliwapatia chumba cha nyuma. Mnaoishi huku mnajua chini ya vyumba vyetu kuna nini: mawe ya volkeno, meusi na makali, yanayoshika baridi usiku kucha. Watoto walilala juu ya turubai waliyotoka nayo kambini, na vitenge viwili vya kujifunika. Yule mdogo alikohoa kuanzia jioni hadi asubuhi. Mama yangu ndiye aliyetuita na kusema kwamba mtoto hawezi kulala juu ya jiwe mwaka mzima, na kwamba ni haya kubwa wanaume wanne kushindwa kitanda ndani ya parsele moja.

Mbao mpya hatukuziweza. Benki zilikuwa zimefungwa tangu Januari, na hata mwenye mshahara wake hakuuona. Shemeji akakopa chukudu, akarudi nayo imejaa mbao kuukuu: mabaki ya vibanda vya kambi, mlango wa kiduka kilichovunjwa, na mbao nyingine ambazo mama alipouliza zimetoka wapi, shemeji alijibu kwamba zimetoka kwa Mungu. Zilikuwa za choo. Mama aliziosha mara tatu kwa sabuni na majivu kabla ya kuruhusu ziguswe.

Tulianza Jumamosi moja baada ya salongo. Mpango ulikuwa kitanda cha ghorofa, watoto watatu chini na wawili juu. Niwaambie ukweli, ilikuwa siku nzuri. Watoto waligombania kulala juu hata kabla ya miguu ya kitanda kusimama. Kijana wetu mkubwa alikaa na jiwe, akinyoosha misumari iliyopinda na kuitia ndani ya kopo la maziwa. Sisi wakubwa tuliogopa msumeno. Kila dakika tano mtu alipiga kelele: toeni watoto karibu na msumeno! Msumeno haukumkata mtu yeyote.

Jioni, giza likiingia na mvua ikianza kudondoka, shemeji alikimbia kufunika mbao. Alikuwa amevaa kandambili. Akakanyaga kipande kifupi cha mbao kilichoachwa chini, msumari umeangalia juu. Ulipita kandambili, ukaingia katikati ya unyayo. Alishika ukuta, akachomoa mguu, akatusi kidogo, kisha akacheka. Damu ilikuwa tone moja, mbili. Jirani ambaye ni motari akaleta mafuta machafu ya injini, tukayapaka, tukafunga kitambaa. Asubuhi yake shemeji alikuwa tena juu ya kitanda na nyundo.

Nasema "tukayapaka" kwa sababu na mimi nilikuwapo. Mimi ninayewasomea matangazo ya afya kila wiki nilishika tochi wakati mafuta ya pikipiki yanaingia kwenye kidonda cha mtu.

Siku ya nne maumivu yalimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Alilipia karatasi ya kuonana na mganga, akapewa vidonge vya maumivu na bandeji. Hakuna aliyeangalia kandambili yake. Kidonda kwa juu kilikuwa kimeshafunga, kizuri kabisa, na uvimbe ukapungua. Tukashukuru. Siku ya kumi mguu ulivimba tena mpaka kwenye kifundo, ukawa moto, na shemeji hakuweza kuukanyagia. Safari hii tulimpeleka hospitali kwa pikipiki. Muuguzi mmoja mzee, ambaye sisi wote tulimwita dokta kama desturi yetu ilivyo, aliuliza jambo ambalo hatukulitegemea: "Papa, siku ile ulivaa nini mguuni?" Shemeji akasema kandambili. Mzee akatuma mtoto nyumbani kuileta. Akaigeuza, akatuonyesha tundu. Halafu akasema: "Kipande kilichokuwa hapa kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya mguu. Walipompasua walitoa punje nyeusi ya mpira laini, ndogo kuliko punje ya maharagwe, na usaha. Mfupa ulikuwa umeanza kushikwa.

Hilo ndilo nililotaka mlijue kwanza, kwa sababu karibu sisi sote tunatembea na kandambili. Msumari unapopita kwenye soli ya mpira laini, unausukuma mpira mbele yake na kuuacha ndani. Mpira huo umekaa miezi na jasho, maji ya mvua na udongo, na vijidudu vinaishi humo. Tundu la juu ni dogo, linafunga upesi, na ubaya unabaki umefungiwa chini. Ndiyo maana mguu unaweza kupoa siku kadhaa, halafu ukarudi kwa nguvu. Mtu akichomwa hivyo, aende na kandambili yake kwa mganga, na kama kuna kipande kinachokosekana aseme wazi.

Mafuta ya injini hayaui kitu. Yanaziba tundu na kuongeza uchafu. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, ni hivyo hivyo. Kinachofaa ni maji safi mengi na sabuni, muda mrefu, na kwenda kuonekana siku hiyo hiyo.

Lakini swali la pili la yule mzee ndilo lililonikosesha usingizi. Aliuliza: "Ulichanjwa pepopunda lini?" Pepopunda ni ile ambayo wengi wetu tunaiita tetanosi. Shemeji alimwangalia dada yangu. Dada yangu aliniangalia mimi. Dada mwenyewe alikumbuka sindano zake zote za mkononi, kwa sababu kila mimba alipewa. Watoto tulikuwa na karatasi za watatu. Za wawili zilipotea njiani. Shemeji, mwenye miaka 41, hakujua chochote. Mzee akasema kwamba asiyejua anahesabiwa kama hajachanjwa.

Fikirini kalenda yetu ya chanjo. Mtoto anapata ya pepopunda, ikiwa pamoja na nyingine, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Baada ya hapo, anayekumbukwa ni mwanamke mwenye mimba. Ni vizuri, kwa sababu pepopunda ya watoto wachanga iliua wengi, na chanjo hiyo ya mama imeokoa maisha. Lakini ni nani anayeshika nyundo? Ni nani anayevunja kibanda, anayepanda juu ya paa la mabati, anayelima, anayesukuma chukudu kuteremka kutoka Kibumba na mzigo wa mbao? Ni mwanaume, na kijana wa miaka 15. Wao hakuna anayewaita. Kinga ya sindano za utotoni inapungua kadiri miaka inavyopita, na wengi wao walizaliwa wakati wa vita na hata hizo za utotoni hawakuzimaliza.

Kuna watu wanaosema kutu ndiyo inayoleta pepopunda, kwa hiyo msumari unaong'aa hauna shida. Si kweli. Kijidudu chake kinaishi kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, na kinapenda tundu refu, jembamba, lisilofikiwa na hewa. Msumari mpya uliolala pale mbuzi walipopita ni hatari sawasawa. Ugonjwa wenyewe unaweza kujionyesha kuanzia siku ya 3 hadi ya 21. Taya linakaza na mtu anashindwa kufungua kinywa vizuri, shingo inakuwa ngumu, kumeza kunakuwa taabu, kisha mwili wote unavutwa, na kelele ndogo tu inatosha kuuamsha. Msiite hiyo pepo mbaya wala sumu ya jirani. Mkimbizeni hospitali. Shemeji hakupatwa nayo. Alipata sindano zake zikiwa zimechelewa siku kumi, na siku zilizobaki mama alikuwa akimwambia kila asubuhi afungue kinywa, kama anayechungulia meno ya mbuzi sokoni.

Najua nitakachojibiwa. Jirani mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniambia: watu wamekufa kwa risasi na mabomu, na wewe unataka kutusumbua juu ya msumari? Sikumjibu siku ile. Leo namjibu. Bomu sina uwezo wa kulizuia. Shemeji alipita Sake chini ya mabomu na watoto mgongoni, akafika mzima. Akaja kuangushwa ndani ya parsele yangu, na kitu ambacho kijana wa miaka 12 angeweza kukitoa kwa koleo. Tena, kambini kulikuwa na hema la matibabu ambapo mhami hakulipa. Angechomwa kule, angeenda jioni ile ile. Alipotoka kambini akawa mkaaji kama sisi, na kwetu sisi mlango wa kwanza wa hospitali ni dirisha la malipo. Alingoja siku nne kwa sababu hakutaka kunikopesha tena. Mwisho tulilipa dola 85, na bado kuna deni. Kuosha kidonda na kumpa sindano siku ya kwanza kusingefika hata sehemu ndogo ya hizo.

Kwa hiyo nina maombi, na nayasema kwa majina ya kazi, si ya watu. Ninyi mnaouza mbao kuukuu pembeni ya barabara, ng'oeni misumari kabla ya kuuza. Najua mnaiacha kwa sababu mnunuzi anaihitaji, basi muuzieni mkononi. Ninyi wa mashirika mnaogawa nyundo, kamba na misumari kwa familia zinazorudi kujenga, ongezeni koleo moja la kung'olea, na mkija na sindano za akina mama na watoto, mwiteni na baba anayesimama nje akingoja. Haitoshi mara moja, sindano zinafuatana, ya pili baada ya wiki 4 na nyingine baadaye, kwa hiyo apewe karatasi yake mwenyewe na aitunze kama anavyotunza karatasi ya uchaguzi. Wakubwa wa vituo vya afya, aliyechomwa msumari aoshwe kwanza, malipo yafuate. Na wakuu wa nyumba kumi: kwenye salongo tunafagia majani na kuzibua mifereji. Pale kambi zilipokuwa, na pale vibanda vilipovunjwa, misumari bado imelala kwenye kokoto, na watoto wanacheza mpira bila viatu. Kila nyumba ilete kopo moja lililojaa. Mkitaka kurahisisha, sumaku ya spika iliyokufa, ifungwe kamba na kuburutwa, inaokota mingi. Sisi tulifanya hivyo nyuma ya nyumba yetu na kopo la maziwa lilijaa kabla ya saa sita, misumari 140 na kitu, watoto ndio waliohesabu.

Na wewe mama unayenisikiliza jikoni, kama leo bwana au mtoto amechomwa na unafikiri ni kitu kidogo, usingoje kesho ili uone kama kitavimba.

Shemeji sasa anatembea, ila anakanyagia kisigino kwanza, na mvua ikikaribia anajua kabla yetu. Ameshapata sindano ya pili. Kitanda kilimalizwa na kijana wetu wa miaka 15, na mbao moja ya juu imekaa upande kidogo. Watoto watatu wanalala chini na wawili juu. Yule mdogo amepunguza kukohoa. Kipande kile cha mbao chenye msumari dada yangu alikataa kichomwe. Alikigonga msumari ukarudi nyuma, akauchomoa kwa koleo la jirani, na kipande chenyewe kiko chini ya mguu mmoja wa kitanda, kukisawazisha, kwa sababu jiwe la Nyiragongo halijanyooka hata mahali pamoja.