Mashine ya Eksirei Ingoje Kwanza



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya shauri la wazee wetu waliosoma hapa zamani. Tumesikia ya kwamba wanakusudia kuchanga fedha za kuinunulia zahanati ya shule mashine ya eksirei, ili mwanafunzi akikohoa apigwe picha papo hapo, ijulikane kama ni mgonjwa kweli au anakwepa kulima. Twawashukuru sana. Lakini mimi, kwa heshima zote, sikubaliani nao, na sababu zangu sikuzipata vitabuni tu.

Muhula uliopita nilikuwa kiranja wa bweni. Kijana mmoja, jirani yangu wa kitanda na mchezaji hodari wa mpira, alishikwa na homa na kikohozi kikavu. Siku ya pili Sista alimpeleka hospitali, akapigwa picha ya kifua, nayo ikatoka safi. Basi aliporudi tulimcheka. Mimi mwenyewe nilimwandikia zamu ya kufyeka majani, kwa maana picha ilikuwa imekwisha sema hana kitu. Usiku wa nne nilimsikia akihema kama mtu apandaye mlima, naye amelala tu. Nilihesabu kwa saa yangu: pumzi 34 kwa dakika moja. Asubuhi ile picha ya pili ilionyesha mawingu meupe katika mapafu yote mawili. Ilikuwa nimonia ya virusi vya influenza, na kilichovitaja virusi hivyo kilikuwa kipimo cha kamasi, wala si picha. Alilazwa siku 11, akisaidiwa kwa oksijeni. Amepona, Mungu ashukuriwe, lakini mbio bado zinamshinda, nami bado sijapata maneno ya kumwambia.

Je, ile picha ya kwanza ilisema uwongo? Hapana. Miale ya eksirei hupita kwa urahisi penye hewa, na picha ikawa nyeusi. Huzuiwa na mfupa, na kwa kiasi hata na maji, na picha ikawa nyeupe. Virusi huanza kazi yao katika kuta nyembamba za vifuko vya hewa. Mpaka uvimbe na maji viwe vingi vya kutosha kuizuia miale, picha yaweza kuwa safi na mtu anaumwa. Hata mawingu yakitokea, mara nyingi ya virusi hutanda pande zote mbili kama ukungu au wavu, na ya bakteria huziba sehemu moja ya pafu; lakini hayo huigana sana, na daktari mwangalifu hataji jina la kijidudu kwa kutazama picha peke yake.

Wako wasemao ati vijana hawaugui hivyo. Mwaka 1918 influenza iliua watu wengi mno wa miaka 20 hadi 40. Mwaka 2009 ile ya H1N1 iliwashika zaidi vijana, maana wazee wengi walikuwa na kinga ya zamani. Tena jeshi la Marekani liliona adenovirusi zikiwaangusha askari wapya, likaanza kuwachanja mwaka 1971. Chanjo ilipokoma mwaka 1999 ugonjwa ulirudi, hata ikabidi ianzishwe tena mwaka 2011. Na kambi ya askari wapya ni nini ila bweni? Vitanda vimesongana, na madirisha, kwa baridi hii yetu ya Kigezi, hufungwa toka magharibi hadi asubuhi.

Atasema mwingine: basi tutafute ile mashine kubwa ya CT. Ni kweli, huuona ukungu mapema zaidi. Lakini CT moja ya kifua yaweza kumpa mtu mionzi kama ya picha za kawaida makumi kadhaa, na mashine zenyewe ni chache.

Siidharau picha. Mtu akikohoa majuma mawili apimwe kifua kikuu, na hapo eksirei ni msaada mkubwa. Lakini hospitali tayari inayo mashine, na inaye mtu ajuaye kuisoma. Sisi hapa nani ataisoma?

Kwa hiyo nawaomba wazee wetu watununulie kwanza vile vipimo vidogo vya oksijeni vya kubana kidoleni, viwili vyatosha, na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Kila mwenye homa ahesabiwe pumzi jioni na usiku wa manane. Zikifika 30 kwa dakika, au kipimo kikishuka chini ya 92 kwa mia, Sista aamshwe saa ile ile, na picha itafuata huko hospitali. Kiranja asiulize kama huyu ni mvivu. Daftari la kuandikia hesabu hizo nitalitoa mimi. Nimekwisha lipiga mistari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita