Kampuni za kuhifadhi tovuti zitimize ahadi zao



Naomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe dukuduku langu juu ya kampuni zinazokodisha nafasi za kuhifadhi tovuti. Siku hizi tovuti si mali ya mashirika makubwa peke yake. Vyama vya ushirika, shule, na hata vikundi vya wafuga nyuki wa huku Tabora vinaweza kuwa nazo. Wote hulipa ada, na mara nyingi huahidiwa kwamba tovuti zao zitakuwa hewani kwa asilimia 99.9 ya muda wote. Swali langu ni hili: ahadi hiyo hupimwa na nani, na ikivunjwa nani hulipa?

Wengi wetu tukiona asilimia 99.9 hudhani ni sawa na asilimia 100. Tufanye hesabu kama tunavyowafundisha watoto. Mwezi wa siku 30 una saa 720, yaani dakika 43,200. Sehemu moja ya elfu ya hizo ni dakika 43. Kwa mwaka mzima ni saa 8 na dakika 45 hivi. Anayeahidi asilimia 99 tu amejiruhusu kuzima saa 7 na dakika 12 kila mwezi. Kwa hiyo tarakimu hizo ndogo baada ya nukta ni saa za kazi za mwananchi.

Nitoe mfano. Sisi walimu wa shule nne za huku tulichanga fedha tukafungua tovuti ya maswali ya majaribio. Wanafunzi wetu hawana simu, lakini mwalimu akipata mtandao hupakua maswali, akayaandika ubaoni, na darasa zima likanufaika. Mwezi Septemba 2024, siku chache kabla ya mtihani wa darasa la saba, tovuti yetu ilizimika Alhamisi saa 12 jioni, ikarudi Jumapili saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 60. Ukizitoa katika saa 720 za mwezi, utaona kwamba asilimia 99.9 iligeuka kuwa asilimia 91.7.

Tulipiga simu, haikupokelewa. Tuliandika barua pepe, tukajibiwa na mashine, tena kwa Kiingereza, kwamba ombi letu limepewa namba. Siku ya pili mtu mmoja alituagiza tuzime simu zetu na kuziwasha tena, kana kwamba simu za walimu wa shule nne ziliharibika usiku mmoja. Mwishowe tulielezwa kuwa seva ilikuwa katika matengenezo, na kwamba muda wa matengenezo hauhesabiwi katika ahadi. Tulipodai haki yetu tulipunguziwa Sh. 1,500 katika malipo ya mwezi uliofuata, nasi tukaambiwa ni hisani tu. Je, tangu lini deni likageuka hisani? Kampuni hiyo sitaitaja, kwa sababu nia yangu ni kuzungumzia utaratibu mzima.

Natambua kwamba si kila kukatika ni kosa la mwenye seva. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo kampuni yenye seva ng'ambo inaweza kusema kwamba seva yake haikuzimika hata dakika moja. Lakini duka lililo wazi ng'ambo ya mto, na daraja limevunjika, mnunuzi halimfai. Hivyo mteja aambiwe kabla ya kulipa seva iko nchi gani, na ahadi inahesabiwa kutoka upande upi wa mto.

Kuna pia suala la nakala za akiba. Tarehe 10 Machi, 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wako wateja waliopoteza kazi zao zote. Sisi wa njia ya zamani ya misafara hatupaswi kushangaa. Livingstone, kabla ya kukaa Kwihara mwaka 1872, alifika Ujiji akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Mali iliyo mikononi mwa mtu wa mbali huhitaji kukaguliwa, na nakala moja yafaa ibaki kwa mwenyewe.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, kuyatazama mambo manne.

Kwanza, mikataba hii iandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kama hakimu anatusomea hukumu kwa Kiswahili, muuzaji wa nafasi ya tovuti anashindwa nini?

Pili, muda wa kujibu malalamiko utajwe kwa saa, na anayejibu awe mtu anayeweza kutengeneza, siyo mashine ya kugawa namba.

Tatu, matengenezo yatangazwe mapema na yawekewe kikomo. Bila kikomo, kampuni itaita kila hitilafu matengenezo.

Nne, fidia ilingane na hasara ya muda. Amazon ya Marekani, katika mkataba wake wa kukodisha seva za EC2, imeandika kwamba huduma ikishuka chini ya asilimia 95 katika mwezi, mteja hupewa punguzo sawa na ada yote ya mwezi huo. Kwa kipimo hicho, asilimia 91.7 yetu ingetustahilia ada nzima, wala si Sh. 1,500.

Wenye kampuni watasema masharti haya yatapandisha bei. Huenda yakapandisha kidogo. Lakini afadhali mwananchi alipe bei ya kweli kwa ahadi ya kweli, kuliko kuuziwa asilimia zisizokuwepo. Asiyeweza 99.9 atangaze 98, nasi tutajua tunanunua nini.

Nanyi walimu wenzangu na viongozi wa vikundi, msilipe ada ya mwaka mzima kabla ya kupata majibu ya mambo hayo kwa maandishi. Anayeshindwa kujibu barua kabla ya kupokea fedha zenu, hatajibu simu akishazipokea.

Mwalimu wa Kijiji,
Ntalikwa, Tabora.