Cherero Aumaye na Mkono wa Mfugaji

Imeenea katika miji yetu, tangu Mombasa hata Dar es Salaam, desturi ya kumwadhibu kasuku mdogo aumaye: wako wampigao mdomoni kwa ncha ya kidole, wako wamtikisao mkononi mpaka kizunguzungu kimshike, wako walifunikao tundu lake kwa kanga mchana kutwa ili ashike adabu, na wako wayakatao mabawa yake wakidhani kuwa ndege asiyeweza kuruka hatakuwa na kiburi cha kuuma. Mimi naiona desturi hii kuwa ni dhulma, tena dhulma isiyo na faida hata kwa mwenye kuitenda, na nakusudia kuzitoa hoja zangu kwa urefu, kwa sababu mshitakiwa mwenyewe hana wakili.

Nisemaye habari zake ni cherero, kasuku mwenye mkia mfupi, ambaye urefu wake haufiki shibiri na uzito wake ni gramu 50 hivi, na ambaye asili yake ni bara letu hili: aina zake 9 zote ni za Afrika, 8 za bara na 1 ya Bukini. Mbili kati ya hizo ni wenyeji halisi wa Tanzania. Mmoja, mwenye uso wa rangi ya chungwa lililoiva na mdomo mwekundu, hukaa katika mbuga za kusini ya Ziwa Viktoria, Serengeti na Shinyanga na nchi zilizo jirani, na wataalamu walimpa jina la Gustav Fischer, tabibu wa Kijerumani aliyepata kukaa Unguja katika karne ya 19. Wa pili, mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, huonekana sana Tarangire, na makao yake huendelea hadi Dodoma na Iringa. Huyu wa pili aliletwa pwani kwa mikono ya watu, akatoroka matunduni, na leo makundi yake huruka huru juu ya mapaa ya Dar es Salaam yakipiga kelele za asubuhi. Na kando ya Ziwa Naivasha, huko Kenya, aina hizo mbili zilizotoka vifungoni zimeoana zikazaa machotara. Yuko na mwingine, mwenye uso wa waridi, mgeni kutoka Namibia na Angola, ambaye ndiye ajazaye matundu ya dunia nzima kwa kuwa huzaa kifungoni kwa wepesi, na ndiye aliyeko nyumbani kwangu.

Mwenye kutaka kuijua sababu ya kuuma kwake, na ayatazame kwanza maisha ambayo maumbile yalimwandalia. Cherero huzalia ndani ya mivungu ya miti, katika mibuyu na magogo yaliyokufa yangali yamesimama, na mvungu mzuri ni mali adimu inayogombewa na ndege wengi, kwa hiyo jike asiyejua kuulinda mlango wake hana kizazi. Adui zake wakubwa, kipanga na mwewe, humshukia kutoka juu. Hana pembe, hana mbio za ardhini, na miguu yake yenye vidole viwili mbele na viwili nyuma ni ya kukamatia tawi tu. Silaha yake ni mdomo, na mdomo huo huo ndio mkono wake, ndio ngazi yake, ndio kisu chake cha kumenyea mbegu na chombo cha kumchania mwenzake manyoya ya shingoni. Basi kiganja cha mwanadamu kinachoshuka kutoka juu na kuingia ndani ya tundu lake pasipo hodi, hukifasiri kwa ilimu hiyo ya kale aliyozaliwa nayo, na sioni ni hakimu gani mwenye insafu atakayesema kuwa amefasiri vibaya.

Tena haumi kwa ghafla kama wadaivyo walioumwa. Kwanza huyabana manyoya yake mwilini hata akaonekana mwembamba na mrefu kuliko alivyo. Mboni za macho yake hunywea na kupanuka upesi upesi. Hukishusha kichwa, akainyoosha shingo, akaufungua mdomo kidogo, na wengine hutoa mlio mkavu wa kukwaruza. Hayo yote hutimia katika muda wa pumzi mbili au tatu. Mkono ukirudi nyuma hapo, hakuna damu itakayotoka. Usiporudi, huikamata nyama iliyo kando ya ukucha wa kidole gumba, mahali ambapo ngozi ni laini, akaibana kati ya ndoana ya juu na makali ya chini, akaisokota kidogo, na huacha jeraha lililopinda mithili ya mwezi mwandamo. Nimeyaona majeraha hayo katika mikono ya vijana wa mtaani kwetu ambao huja kuniuliza, “Babu, huyu ndege ana wazimu?”, na kila nilipofuatana na mmoja wao kwenda kumtazama ndege mwenyewe, niliziona ishara zote zikitolewa mbele ya macho ya kijana, naye akizipita kama mtu apitaye msikitini asisikie adhana.

Jambo la kusikitisha zaidi ni lile linalofuata baada ya miezi kadhaa ya kupuuzwa. Ndege ambaye ishara zake hazikuheshimiwa huziacha. Hujifunza kuwa kubana manyoya hakumfukuzi mtu, kufungua mdomo hakumfukuzi, bali kuuma ndiko kunakomfukuza, na tangu siku hiyo hutangulia kuuma. Huyu ndiye aitwaye mkorofi, na ukorofi wake amefundishwa.

Ziko nyakati ambazo hata cherero mpole hubadilika, na mfugaji asiyezijua hujiona amesalitiwa. Jike wa kwetu, aliyezaliwa tunduni na kulelewa mkononi, ambaye siku nyingine zote hutembea juu ya bega la mjukuu wangu na kumdonoa herini, ikifika zamu yake ya kutaga huwa mtu mwingine kabisa: huchukua gazeti lililotandikwa chini ya tundu, akalitoboa tobo moja kando ya jingine mpaka utepe mwembamba ulionyooka ukakatika, akaugeuza mdomoni, kisha akauchomeka ndani ya manyoya ya kiunoni, na huendelea hivyo mpaka nyuma yake imejaa tepe za karatasi, na ole wake mkono utakaogusa pembe ile aliyoichagua kuwa mvungu wake. Hakufundishwa na mtu, wala hakumwona mama yake akifanya. Mtaalamu wa Kimarekani William Dilger, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1962, alizalisha machotara baina ya aina hii, inayochomeka tepe manyoyani, na aina ya Fischer, inayozibeba mdomoni, na machotara hao wakahangaika kati ya desturi mbili, wakichomeka na kuchomoa, tepe zikianguka njiani, ikawachukua miaka kama 3 kuzoea kubeba kwa mdomo, na hata hapo walikuwa wangali wakigeuza vichwa kuelekea kiunoni kabla ya kuruka. Ikiwa hulka ya kubeba karatasi tu ni nzito kiasi hicho kuisogeza, je, hulka ya kuulinda mlango wa kizazi itaondolewa kwa kupigwa ncha ya kidole?

Na tuzipime adhabu zenyewe. Ukelele aupigao mtu aliyeumwa haumtishi kasuku, ambaye ni kiumbe wa makundi na makelele. Aghalabu humfurahisha, akarudia ili ausikie tena. Kumpiga mdomoni ni kumpiga mkononi mwake, na kunamthibitishia kwamba vidole ni adui. Kumtikisa kwaweza kumvunja mfupa, maana mifupa ya ndege ni mitupu ndani na myepesi. Kumkata mabawa naona ndiyo adhabu ovu kupita zote, kwa sababu ndege mwenye mabawa, akiogopa, huchagua kuruka, na aliyenyang'anywa kuruka hana chaguo lililobaki ila kuuma. Kwa hiyo mfugaji akataye bawa la cherero wake huongeza lile analolikimbia, kisha humlaumu ndege kwa hesabu aliyoifanya yeye mwenyewe.

Njia iliyo sahali ipo, ila inataka saburi. Mkono usitoke juu. Uje kutoka mbele na chini, usawa wa kifua chake, ambapo aweza kuuona wote tangu mwanzo. Mwenye kuogopa na atumie kijiti badala ya kidole, ndege apande juu ya kijiti, alipwe punje za uwele hapo hapo, na kidole kiletwe baadaye, siku ambayo ndege mwenyewe anaukaribia mkono kwa hamu. Asikamatwe ndani ya tundu. Mlango ufunguliwe, atoke kwa hiari yake, na vyombo vya chakula vibadilishwe akiwa nje. Sanduku, kibuyu, kitambaa na kila pembe yenye giza inayofanana na mvungu viondolewe kwa asiyekusudiwa kuzaa, na mgongo wake usipapaswe, maana mapapaso ya mgongoni humwamsha tamaa ya kuzaa. Akiuma, mtu asirushe mkono wala asiseme kitu, amteremshe taratibu mahali pa kutulia, ageuke aende zake. Akianza kuuma ghafla ndege ambaye hakuwa na tabia hiyo, na manyoya yake yakawa yamevimba kutwa na chakula hakiguswi, huyo ni mgonjwa, wala hapana mafunzo ya kumfaa ila daktari wa mifugo.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalitii maanani, nami nalipa uzito mkubwa: usingizi. Katika nchi alizoumbiwa cherero wetu, karibu na mstari wa ikweta, usiku una saa 12 hivi mwaka mzima, jua likitua ndege amekwisha kuingia mvunguni, na likichomoza ndipo hutoka. Nyumbani mwetu tundu hutundikwa sebuleni, taa zikawaka na televisheni ikanguruma hadi saa 6 za usiku, kisha alfajiri pilikapilika za jikoni zikamwamsha, akapata saa 5 au 6 za usingizi wa mang'amung'amu. Mtoto wa binadamu akilala hivyo kwa juma moja hatuushangai ukali wake. Tundu lihamishiwe chumba chenye giza na kimya baada ya magharibi, na kanga ile iliyokuwa ikitumika kwa adhabu itumike kwa kazi yake njema.

Siwezi kuyamaliza haya bila kugusa biashara, kwa sababu wako cherero waumao ambao kosa lao ni moja tu, nalo ni kuwa walizaliwa huru. Katika miaka ya 1980 cherero wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani, wakinaswa katika mbuga zetu na kupakiwa katika masanduku kwenda Ulaya na Marekani, na wengi wakifa kabla ya kufika. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine: Marekani kwa sheria yake ya mwaka 1992, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, na Tanzania yenyewe ikasitisha mwaka 2016 usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumiliki mnyamapori pasipo kibali, na ndege yumo katika hukumu hiyo. Hata hivyo bado huonekana, kandokando ya barabara zetu, vijana wakiuza matundu ya fito yenye ndege walionaswa kwa ulimbo juzi, macho yamewatoka, wamebanana pembeni. Anunuaye ndege wa namna hiyo, akamtia mkono siku ile ile, akaumwa, kisha akaja kulalamika kuwa ndege ni mkali, hapati huruma yangu. Waislamu wanaisikia tangu utotoni hadithi ya Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake, na jinsi Mtume alivyomliwaza kilipokufa. Wanachuoni waliitoa humo ruhusa ya kufuga ndege kwa ihsani, na ihsani haianzi kwa ulimbo.

Wako pia, na lazima tulikubali hili kwa moyo mweupe, cherero ambao hawataupenda mkono abadan, hata wakitendewa yote niliyoyaeleza: walionaswa wakiwa wazima, waliopigwa miaka, au wale ambao Mungu aliwaumba na tahadhari nyingi. Kwa hao nasaha yangu ni kuacha kuwataka wawe vile tulivyotamani. Cherero ni ndege wa jozi. Apewe mwenziwe wa aina yake, tundu ambalo upana wake umezidi kimo chake, matawi ya kutafuna ya mti usio na sumu, beseni la kuogea, na chakula kipitishwe kwa kimlango cha ubavuni. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, alikuwa amekwisha kuazimia kumtupa wa kwake porini, ambako asingeishi juma, nikamshawishi ajaribu njia hii. Hamshiki, wala ndege hamuumi. Hukaa na jozi ile akishona, na akiimba wao humjibu.