Kiingereza Nacho Kilidharauliwa

Wako ndugu zetu hapa Tanzania wasemao kwamba Kiswahili hakifai kufundishia shule za sekondari, ati ni lugha ya kuazima maneno. Twawauliza: Je, Kiingereza hakikuazima? Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa vizazi vingi wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa na kuandika Kilatini; Kiingereza wakaachiwa wakulima na wachungaji. Hata leo ng'ombe wa Mwingereza akiwa zizini huitwa kwa neno la wachungaji wale, lakini nyama yake ikifika mezani huitwa kwa neno la Kifaransa!

Mwaka 1362 Bunge lao liliamuru kesi zisemwe kwa Kiingereza, kwani raia hawakufahamu walivyoshtakiwa. (Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.) Hata Newton, mwaka 1687, alitoa kitabu chake kikuu cha elimu kwa Kilatini. Waingereza hawakungoja lugha yao ikomae ndipo waitumie. Sisi mahakama zetu tulizipa Kiswahili kwa sheria ya mwaka 2021. Mtoto wa kidato cha kwanza angoje nini?